Usimfiche Mwenzako Hofu Yako

Kuna mabwana wengi ambao wake zao hawajui wanaogopa nini. Bwana ameachishwa kazi, lakini kila asubuhi anafunga tai na kuondoka nyumbani kama kawaida. Mwingine hajui kusoma vizuri, na kila barua ikitoka shuleni kwa watoto anasema miwani imepotea. Mabibi nao wana yao.

Leo natamani tumtazame mtu mmoja ambaye wazee wetu walimjua hata kwa sura, kwa maana kichwa chake kilikuwa kwenye shilingi walizolipia kodi. Ni Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Hospitali kuu ya Nairobi iliitwa kwa jina lake kabla ya kuitwa Kenyatta. Utaniuliza, mfalme wa wakoloni anatuhusu nini sisi wenye ndoa? Utawala wake tuwaachie wenye kuandika historia. Mimi nataka tuingie nyumbani kwake.

Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1895, akapewa jina la Albert, na jamaa zake wakamwita Bertie. Alikuwa mtoto wa pili, kwa hiyo hakutarajiwa kutawala. Alikuwa shoto, akalazimishwa kuandika kwa mkono wa kulia. Magoti yake yaligongana, akafungwa magango miguuni ili yanyoke. Alipofika umri wa miaka minane hivi, kigugumizi kilikuwa kimemwingia. Baba yake alikuwa mkali, na kila mtoto alipokwama katika neno alimkemea alitoe upesi, na neno likazidi kukwama. Wewe baba unayesoma ukurasa huu, hebu simama hapo kidogo.

Wala usidhani alikuwa mwoga. Mwaka 1916 alikuwa ndani ya manowari katika vita vya baharini vya Jutland. Lakini ukumbi uliojaa watu wanaongoja aseme ulimtetemesha kuliko mizinga.

Akampenda Elizabeth Bowes-Lyon. Binti huyo alimkataa mwaka 1921, akamkataa tena 1922. Yeye naye alikuwa na hofu yake: akiolewa katika nyumba ya kifalme, hatakuwa na uhuru tena wa kusema na kutenda alivyo moyoni. Mwishowe alikubali, wakafunga ndoa tarehe 26 Aprili 1923. Mwaka uliofuata walifika hata kwetu Kenya kwa matembezi, wakashukia Mombasa.

Mambo yaliharibika tarehe 31 Oktoba 1925. Siku hiyo Bertie alitoa hotuba ya kufunga maonyesho makubwa ya Wembley, London. Maneno yalimkatalia mbele ya umati. Bibi, jiweke mahali pa Elizabeth. Bwana wako ameaibika hadharani, nawe umeketi unasikia kila neno likikwama. Wengi wetu tungefika nyumbani tukapakua chakula na kuzungumzia mvua, tukidhani kunyamaza ndiyo heshima. Naye bwana, akiona hakuna anayetaja jambo lile, angejua hakika kwamba ni la aibu.

Bertie alikuwa amekwisha kwenda kwa wataalamu kadhaa bila mafanikio, akakata tamaa. Mkewe ndiye aliyemsihi ajaribu mara moja tena. Basi tarehe 19 Oktoba 1926 akaenda kwa Lionel Logue, Mwaustralia asiye na shahada ya udaktari. Ujuzi wake Logue aliupata kwa kuwasaidia askari waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia hawawezi kusema sawasawa. Alitaka mwana wa mfalme aje mwenyewe ofisini kwake, barabara ya Harley Street, kama mgonjwa mwingine yeyote. Naye alikwenda, zaidi ya mara 80 kwa muda wa miezi 14 hivi.

Lakini linalonivutia zaidi ni kwamba Elizabeth alikuwa akifuatana naye. Alitaka kujua mazoezi yale yalivyo ili amsaidie nyumbani. Mazoezi yenyewe yalikuwa ya kuchekesha: kuvuta pumzi kwa namna fulani, kusimama kwenye dirisha lililo wazi na kutamka a, e, i, o, u kwa kuvuta sauti. Je, bwana, ungekubali mkeo akuone hivyo? Na wewe bibi, ungeona bila kwenda kusimulia kwa dada zako, au kumtupia maneno hayo siku mkigombana? Maana mwenzako akikufunulia udhaifu wake mara moja na ukamcheka, usitarajie akufunulie mara ya pili.

Mwezi Mei 1927 Bertie alifungua bunge la Australia mjini Canberra, na hotuba ikaenda vizuri. Kigugumizi hakikuisha kabisa. Kilichopungua ni ile hofu ya kubaki nacho peke yake.

Desemba 1936 kaka yake alijiuzulu ufalme, mzigo ukamwangukia yeye. Alikwenda kwa mama yake akalia kama mtoto, na hakuona haya kuandika hivyo katika kitabu chake cha kumbukumbu. Siku chache baadaye askofu mkuu wa Canterbury alitaja kigugumizi chake katika redio, nchi nzima ikisikia. Aliumia sana, lakini nyumbani halikuwa jambo geni. Tarehe 3 Septemba 1939 ilimbidi awatangazie watu kwamba wameingia vitani. Alisema polepole, Logue akiwa naye chumbani. Krismasi ya mwaka 1944 ndipo alipohutubia bila Logue kuwa kando yake kwa mara ya kwanza.

Alifariki usingizini tarehe 6 Februari 1952, akiwa na umri wa miaka 56. Binti yake mkubwa alikuwa huku kwetu, upande wa Nyeri, habari hizo zilipomfikia. Mwezi huohuo Logue alimwandikia mjane barua ya rambirambi. Elizabeth alimjibu baada ya siku mbili, akamshukuru, akisema kwamba pengine yeye ndiye aliyejua kuliko mtu yeyote jinsi mumewe alivyosaidiwa.