Auguste Piccard: profesa aliyekwama angani kwa sababu ya vali

Fundi wa pikipiki, awe Buleusa katika teritware ya Walikale ao mjini Goma, anajua kwamba vali ni kitu kidogo, lakini ikikataa kufanya kazi safari inasimama. Auguste Piccard alijifunza jambo hilo akiwa zaidi ya kilometre 15 juu ya ardhi.

Piccard alizaliwa Basel, katika inchi ya Uswisi, tarehe 28 Januari 1884, pamoja na pacha wake Jean. Mwaka wa 1922 alianza kufundisha fizikia kwenye Chuo Kikuu cha Bruxelles, wakati Ubelgiji ilikuwa ingali inatawala Congo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shingo ndefu na nywele za kusimama. Mchoraji Hergé alimchukua kuwa mfano wa Profesa Tournesol, kwa hiyo wasomaji wengi wa Tintin wameona sura yake bila kujua jina lake.

Alitaka kupima miale inayotoka mbali sana angani. Huko juu hewa ni nyembamba mno, mtu hawezi kupumua. Piccard akatengeneza chumba cha aluminiamu, mviringo kama mpira, kilichofungwa kabisa, na kukining'iniza chini ya baluni kubwa. Pesa zilitoka katika mfuko wa Ubelgiji wa utafiti wa sayansi, FNRS, na baluni ikapewa jina hilo.

Tarehe 27 Mei 1931, mapema alfajiri, yeye na msaidizi wake Paul Kipfer walipaa kutoka Augsburg, Ujerumani. Hewa ikaanza kuvuja kupitia tundu katika chumba. Piccard akaliziba kwa nyuzi za katani na vazelini. Walifika metre 15 781, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa amefika.

Shida ilikuja wakati wa kushuka. Kamba ya kufungua vali ya gesi ilikuwa imenasa. Jua lilizidi kupasha gesi moto na baluni ikabaki juu. Motere ya kuzungusha chumba nayo iliharibika, upande uliopakwa rangi nyeusi ukabaki juani, na ndani joto likawa kali. Maji yalikuwa machache, wakalamba matone yaliyoshika kwenye kuta. Jioni tu, gesi ilipopoa, baluni ilianza kushuka yenyewe. Walitua usiku juu ya barafu ya milima ya Gurgl, Austria, watu wengi wakidhani wamekwisha kufa.

Mwaka wa 1932 alirudi angani pamoja na Max Cosyns. Safari hii chumba kilipakwa rangi nyeupe, na walipita metre 16 000.

Baadaye Piccard akageukia bahari. Hapa hewa haikufaa kama kibebeo. Mzamiaji anayeinua motere iliyozama kwa mfuko wa hewa anaelewa sababu: metre 10 chini ya maji presha ni mara mbili ya ile ya juu, kwa hiyo hewa ya mfuko huo inataka kuwa mara mbili ukifika juu. Bila vali ya kuitoa kidogo kidogo, mfuko unapanda kwa kasi, ao unapasuka. Na ukishuka chini sana, hewa inabanwa mpaka haina nguvu ya kuinua.

Kwa hiyo Piccard alijaza tanki kubwa esanse, ambayo ni nyepesi kuliko maji na haibanwi kirahisi. Chini yake akafunga chumba cha chuma kinene. Kushuka zaidi, vali inatoa esanse kidogo. Kupanda, unaangusha chembe za chuma zilizoshikwa na sumaku ya umeme. Umeme ukikatika, chuma kinaanguka chenyewe na chombo kinarudi juu. Mtu aliyekwama angani kwa sababu ya kamba moja hakutaka tena kutegemea kitu kinachoweza kunasa.

Jaribio la mwaka wa 1948, upande wa Dakar na visiwa vya Cap-Vert, liliishia vibaya. Chombo kitupu kilishuka metre 1 380 na kurudi, lakini mawimbi yakaharibu tanki lake. Piccard hakuacha. Tarehe 30 Septemba 1953, akiwa na umri wa miaka 69, alishuka na mtoto wake Jacques metre 3 150 katika bahari ya Italia, ndani ya chombo kipya, Trieste.

Tarehe 23 Januari 1960, Jacques na Mmarekani Don Walsh waliketi ndani ya Trieste hiyo hiyo na kufika chini ya bahari ya Pasifiki, karibu kilometre 11. Baba yao wa kazi hakuwa pamoja nao. Alifariki Lausanne tarehe 24 Machi 1962. Lakini siku ile, chini kabisa, umeme ulipozimwa, chuma kilianguka kama alivyopanga, na watu wawili wakarudi juu wazima.