Johnny Mullagh: Nyota wa kriketi aliyechelewa kutajwa

Ndugu msomaji, ukikaa na watu wanaopenda kriketi na kuwauliza ni nani mchezaji bora kuliko wote waliowahi kutoka Australia, jibu la kwanza litakuwa Don Bradman. Wastani wake katika mechi za kimataifa za Test ulikuwa mikimbio 99.94, na hakuna aliyeukaribia. Wengine watamtaja Shane Warne, aliyechukua wiketi 708 kwa mpira wa kuzungusha. Ubishi utaendelea mpaka chai ipoe.

Leo tunakuletea jina jingine. Ni mtu ambaye hakucheza hata mechi moja ya Test, aliyefariki mwaka 1891 akiwa peke yake kwenye kambi ya porini. Anaitwa Johnny Mullagh. Soma maisha yake, kisha uamue mwenyewe kama anastahili kukaa kwenye orodha hiyo.

Kriketi kwa ufupi

Kama hujawahi kuuona mchezo huu, usijali. Timu ni mbili, kila moja ina watu 11. Mmoja anarusha mpira mgumu kuelekea vijiti vitatu vilivyosimamishwa. Mpinzani wake anasimama mbele ya vijiti hivyo akiwa na gongo bapa la mbao. Kazi yake ni kuvilinda na kuupiga mpira mbali ili apate muda wa kukimbia. Kila akikimbia upande mmoja hadi mwingine anapata mkimbio mmoja. Akitolewa, mrushaji anahesabiwa wiketi. Timu yenye mikimbio mingi ndiyo inayoshinda.

Alizaliwa nani, alizaliwa wapi

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Unaarrimin. Alizaliwa karibu mwaka 1841, magharibi mwa eneo la Victoria, jirani na mji mdogo wa Harrow. Watu wake ni Wajardwadjali, mojawapo ya mamia ya jamii za wenyeji asilia wa Australia. Jamii hizo zilikuwa zimeishi katika nchi hiyo kwa makumi ya maelfu ya miaka kabla ya Waingereza kufika.

Alizaliwa wakati mbaya. Wafugaji kutoka Uingereza walikuwa wameanza kuingia Victoria miaka ya 1830 wakiwa na kondoo wao, wakagawana ardhi kana kwamba haina mwenyewe. Visima na malisho vilichukuliwa. Wengi waliuawa, na wengi zaidi walikufa kwa magonjwa mapya. Ndani ya miaka michache wenyeji waliobaki walijikuta wageni kwenye ardhi ya babu zao. Waliishi pembeni mwa mashamba na kufanya kazi kwa watu waliochukua mashamba hayo.

Kijana Unaarrimin alikulia katika maisha hayo. Alitunza farasi na kukata manyoya ya kondoo katika mashamba ya Pine Hills na Mullagh. Wazungu walimpa jina la Johnny, na jina la shamba likawa ndilo jina lake la ukoo. Hivyo ndivyo mtu aliyekuwa na jina lake, lugha yake na ukoo wake alivyoingia kwenye vitabu vya historia kwa jina la shamba la kondoo.

Mpira wa mashambani

Wenye mashamba walipenda kriketi, na walipokosa watu wa kukamilisha timu waliwaita wafanyakazi wao. Vijana wenyeji waliushika mchezo haraka. Walikuwa na macho makali, na walikuwa wamezoea kurusha mkuki na kukwepa tangu utotoni. Muda si mrefu waliunda timu yao wenyewe, wakaanza kuzishinda timu za wazungu wa jirani.

Tarehe 26 Desemba 1866, siku moja baada ya Krismasi, timu hiyo ilicheza dhidi ya klabu ya Melbourne kwenye uwanja mkubwa wa mji huo. Mwalimu wao alikuwa Tom Wills, mmoja wa wachezaji wakubwa wa wakati huo. Jambo hili linashangaza, kwa sababu baba yake Wills aliuawa na wenyeji huko Queensland mwaka 1861. Pamoja na hayo, Wills alikubali kuwafundisha vijana hao. Maelfu ya watu walikuja kutazama. Timu ya Mullagh ilishindwa siku hiyo, lakini watu waliondoka wakilitaja jina lake.

Mwaka uliofuata timu ilizungushwa katika miji mingine na mtu aliyewaahidi safari ya Uingereza. Ahadi hiyo ilikuwa ya uongo, na fedha zilipotea. Wachezaji waliugua njiani, na baadhi yao walifariki. Msomaji, kama umewahi kuona mtu akiahidiwa safari na kazi ng'ambo kisha akaachwa njiani bila kitu, hadithi hii unaijua.

Uingereza, 1868

Safari ya kweli ilikuja mwaka 1868. Charles Lawrence, Mwingereza aliyekuwa akiishi Australia, aliwachukua wachezaji 13 wenyeji. Yeye mwenyewe alikuwa kapteni. Bodi ya serikali iliyosimamia mambo ya wenyeji haikutaka waondoke, kwa hiyo waliondoka kimyakimya. Walipanda meli ya kubeba sufu kutoka Sydney mwezi Februari na kufika Uingereza mwezi Mei. Hii ilikuwa timu ya kwanza kabisa ya kriketi kutoka Australia kwenda kucheza nchi ya nje. Timu ya wazungu ilifuata miaka kumi baadaye.

Walicheza mechi 47 kati ya Mei na Oktoba. Walishinda 14, walishindwa 14, na 19 ziliisha bila mshindi. Hesabu ya Mullagh peke yake ndiyo inayoshangaza. Alicheza mechi 45 kati ya hizo 47. Alipata mikimbio 1,698 na kuchukua wiketi 245. Yaani alikuwa mpigaji bora wa timu na mrushaji bora wa timu kwa wakati mmoja, karibu kila siku, kwa miezi mitano, kwenye viwanja vibovu na baridi ambayo hakuizoea.

Mwezi Juni walicheza kwenye uwanja wa Lord's jijini London, ambao mashabiki wa kriketi wanauona kuwa nyumba kuu ya mchezo wao. Mullagh alipata mikimbio 75 katika zamu ya kwanza, na timu yake ikaongoza kwa mikimbio 21. Katika zamu ya pili waliporomoka wakashindwa kwa mikimbio 55. Hata hivyo, mtu aliyekuwa akikata manyoya ya kondoo alikuwa ameonyesha mbele ya mabwana wakubwa wa London kwamba mchezo wao anaujua kama wao.

Usidhani safari ilikuwa ya raha. Baada ya mechi, wachezaji walitakiwa kuwaonyesha watazamaji kurusha mikuki na bumerangi, kama maonyesho ya sarakasi. Wengi wa watazamaji walikuja kwa ajili ya hayo kuliko kriketi. Siku chache baada ya mechi ya Lord's, mchezaji mwenzao Bripumyarrimin, aliyeitwa King Cole na wazungu, alifariki kwa kifua kikuu. Alizikwa London, mbali na kwao. Wengine wawili walirudishwa nyumbani mapema kwa ugonjwa. Na hakuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba wachezaji walipata mgao wao wa fedha za viingilio.

Sheria iliyofunga njia

Walirudi Australia mwanzoni mwa mwaka 1869. Mullagh alikuwa na umri wa miaka 27 au 28, katika kilele cha nguvu zake. Klabu ya Melbourne ilimwajiri kwa msimu mmoja. Baada ya hapo alirudi Harrow.

Mwaka huohuo wa 1869, bunge la Victoria lilipitisha sheria ya kile kilichoitwa ulinzi wa wenyeji. Sheria hiyo iliipa bodi ya serikali uwezo wa kuamua mwenyeji aishi wapi, afanye kazi kwa nani, mshahara wake ushughulikiwe vipi, na watoto wake walelewe na nani. Kumtoa mwenyeji nje ya Victoria bila kibali kulikatazwa. Wengi walikusanywa kwenye vituo maalumu na misheni. Safari kama ile ya 1868 haikuwezekana tena.

Hapa ndipo tunakuomba utulie kidogo, ndugu msomaji. Mullagh na wenzake hawakuacha kucheza kwa sababu kipaji kiliisha. Miguu ilikuwa ileile, na macho yaleyale. Kilichobadilika ni karatasi. Mtu anayeishi kwa kibali anajua vizuri maana ya jambo hilo.

Mullagh alikataa kuhamia kwenye kituo. Alibaki kwenye ardhi ya watu wake, akifanya kazi za mashambani na kuichezea klabu ya Harrow wakati wa msimu. Aliichezea kwa zaidi ya miaka 20, hadi mwaka 1890. Wakati huo nchi yake ilikuwa inajenga timu ya taifa bila yeye. Mechi ya kwanza ya Test ilichezwa Melbourne mwezi Machi 1877, Australia dhidi ya Uingereza. Mullagh hakuwa uwanjani.

Alipewa nafasi moja tu kubwa baada ya hapo. Mwaka 1879 aliichezea Victoria dhidi ya timu ya Kiingereza ya Lord Harris. Umri ulikuwa umekwenda. Katika zamu ya pili alipata mikimbio 36, mingi kuliko mwenzake yeyote wa Victoria katika zamu hiyo. Watazamaji walifurahi hata wakachangishana pauni 50 wakampa. Hakuitwa tena.

Mtu mwenye heshima yake

Waliomfahamu walimkumbuka kama mtu mpole, mrefu, asiye na haraka. Lakini hakukubali kudharauliwa. Katika mechi moja ya mashambani, wakati wa chakula ulipofika, kapteni wa timu pinzani alisema Mullagh akale jikoni, asikae meza moja na wazungu. Mullagh hakugombana. Alikaa nje, akakataa kula, mpaka mapumziko yakaisha.

Hakuoa. Miaka yake ya mwisho aliishi kwenye kambi ndogo karibu na Pine Hills, akiwinda sungura kwa riziki. Alifariki hapo tarehe 14 Agosti 1891, akiwa na miaka kama 50. Wachezaji wenzake wa Harrow walimzika kwenye makaburi ya mji, wakaweka gongo lake na vijiti vya kriketi kaburini pamoja naye. Watu wa eneo hilo walichanga fedha wakamjengea mnara. Uwanja wa Harrow una jina lake mpaka leo.

Mchezo baada yake

Mlango haukufunguka haraka. Miaka ya 1930 kulikuwa na mrushaji mwenye kasi ya kutisha huko Queensland, mwenyeji aitwaye Eddie Gilbert. Mwaka 1931 alimtoa Don Bradman bila hata mkimbio mmoja. Lakini Gilbert alikuwa mkazi wa kituo cha serikali, na alihitaji kibali cha maandishi ili kutoka kwenda kucheza. Hakuchaguliwa kuichezea Australia hata mara moja.

Mwaka 1958 Faith Thomas, aliyekuwa muuguzi, aliichezea Australia upande wa wanawake, akawa mwenyeji asilia wa kwanza kucheza Test. Upande wa wanaume ilibidi kusubiri hadi Jason Gillespie mwaka 1996. Hesabu mwenyewe: ni miaka 119 tangu ile mechi ya 1877.

Mwaka 2020 Australia ilimwingiza Mullagh katika orodha rasmi ya mashujaa wake wa kriketi. Kuanzia mwaka huo pia, mchezaji bora wa mechi ya Test inayoanza Desemba 26 mjini Melbourne anapewa nishani yenye jina lake. Mwaka 2021 nishani hiyo ilikwenda kwa Scott Boland, ambaye naye ni wa asili ya wenyeji. Katika Test yake ya kwanza kabisa, Boland alichukua wiketi 6 za Uingereza huku akitoa mikimbio 7 tu katika zamu ya pili.

Kriketi yenyewe imesambaa. Timu ya Afghanistan inayozishinda timu kubwa leo ina mizizi yake katika kambi za wakimbizi za Pakistan, ambako vijana walijifunza mchezo huu. Hapa kwetu, Uganda ilifika Kombe la Dunia la T20 mwaka 2024 na kushinda mechi yake moja dhidi ya Papua New Guinea.

Sasa ni zamu yako

Turudi kwenye ubishi wetu. Bradman ana wastani wake, Warne ana wiketi zake. Takwimu hizo ni za kweli na hakuna anayezipinga. Lakini takwimu huhesabu mechi ulizoruhusiwa kucheza. Za Mullagh zilihesabiwa msimu mmoja tu Uingereza, kisha kalamu ikawekwa chini kwa amri.

Je, mtu wa namna hii unampimaje? Kwa alichofanya, au kwa ambacho angefanya kama angepewa njia? Lizungumzeni swali hili nyumbani na uwanjani, wakimbizi na wenyeji pamoja. Na pale kwenye uwanja wenu, kama kuna kijana anayecheza vizuri lakini hajulikani kwa sababu ya mahali anapotoka, mwandikeni jina kwenye timu. Mliandike kwa usahihi, jina lake mwenyewe, kama wazazi wake walivyompa.