Gandhi na Sahani Yake: Kinga Inaishia Wapi?

Mwaka 1885, katika mji wa Rajkot, magharibi mwa India, kijana wa miaka 16 alikuwa akitoka shule anapitiliza moja kwa moja kwenye kitanda cha baba yake. Mzee alikuwa anaugua fistula. Kazi ya kijana ilikuwa kusafisha kidonda, kuchanganya dawa za kutengenezwa nyumbani na kumkanda miguu kila usiku mpaka apate usingizi. Matabibu wa Ayurveda walikuja na marhamu zao. Matabibu wa Kiyunani wakaja na plasta zao, na waganga wa mtaani nao hawakubaki nyuma. Mwisho daktari mpasuaji wa Kiingereza akashauri mzee apasuliwe. Daktari wa familia akagoma, eti umri umekwenda sana. Mzee akafa. Miaka mingi baadaye kijana yule, akiwa mtu mzima, bado aliamini kwamba upasuaji ungefanyika, kidonda kingepona.

Kijana huyo ni Mohandas Karamchand Gandhi. Wengi tunamjua yule Gandhi wa uhuru wa India, wa shuka jeupe na fimbo. Gandhi wa jikoni, wa kutembea kwa miguu na wa kujipaka matope tumboni hatumjui sana. Na kwa kweli huyu ndiye anayetuhusu zaidi sisi wanachuo. Tunakula chipsi mayai mchana na usiku, tunakesha na soda, halafu kichwa kikigonga tunameza vidonge. Upande wa pili, kila tukifungua simu tunauziwa majani yanayotibu kila kitu, kuanzia vidonda vya tumbo mpaka kisukari. Gandhi alipita pande zote mbili, tena kwa mwili wake mwenyewe na kwa miili ya watu wa nyumbani kwake.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika mji wa bandari wa Porbandar. Nyumba yao haikula nyama. Mama yake, Putlibai, alikuwa mtu wa funga nyingi. Kuna msimu wa mvua aliweka nadhiri ya kutokula mpaka alione jua, na watoto wakawa wanakaa nje wakiangalia mawingu ili wamkimbilie mama kumwambia jua limetoka. Kwa hiyo mtoto yule alijifunza mapema kwamba chakula ni jambo la kuamua, si la kushindilia tu.

India wakati huo, kama leo, ilikuwa na elimu yake ya afya, Ayurveda. Watu wengi wakisikia neno hilo wanafikiria mizizi na mafuta tu. Kumbe sehemu kubwa ya vitabu vyake vya kale, kama Charaka Samhita, inahusu mtu ambaye bado hajaugua: aamke saa ngapi, ale nini msimu gani, asafishe vipi kinywa, apumzike vipi. Vitabu hivyo vinataja nguzo tatu zinazoubeba mwili: chakula, usingizi na kujizuia katika mambo ya kimwili. Ukiyafuata maisha ya Gandhi utaona alizunguka nguzo hizo mpaka kufa kwake, hata pale alipogombana na matabibu wenyewe.

Kabla ya hapo aliteleza kwanza. Akiwa shule, rafiki mmoja alimshawishi kwamba Waingereza wanawatawala Wahindi kwa sababu wanakula nyama. Wakajificha kando ya mto wakala nyama ya mbuzi. Usiku kijana hakulala. Aliota mbuzi mzima analia tumboni mwake. Aliendelea kwa siri kwa muda, kisha akaacha kwa sababu hakuweza kuendelea kuwadanganya wazazi.

Septemba 1888, akiwa na miaka 18, alipanda meli kwenda London kusomea sheria. Alikuwa amemuapia mama yake mambo matatu: hatagusa pombe, mwanamke wala nyama. Wanafunzi mnaoishi mbali na nyumbani mnaelewa kilichofuata. Njaa! Chakula cha nyumba aliyopanga kilikuwa mboga iliyochemshwa bila chumvi wala viungo, na mkate ambao aliona haya kuomba wa ziada. Alizunguka mitaa mpaka akagundua mgahawa wa wasiokula nyama katika mtaa wa Farringdon. Hapo, pamoja na sahani ya kwanza iliyomshibisha, alinunua kitabu cha Henry Salt kilichotetea ulaji wa mimea. Tangu siku hiyo hakuacha nyama kwa ajili ya kiapo cha mama peke yake. Aliiacha kwa hoja zake mwenyewe. Akajiunga na chama cha wasiokula nyama cha London na akaingia kwenye kamati yake.

Fedha ilikuwa inatoka nyumbani, na alijua kaka yake anajinyima. Akahamia chumba kimoja, akanunua jiko, asubuhi akapika uji na kakao, jioni mkate na kakao. Alifika mahali akaishi kwa shilingi moja na peni tatu kwa siku. Badala ya kulipa nauli alitembea, maili 8 hadi 10 kwa siku, yaani kilomita 13 hadi 16. Baadaye alisema kutembea huko ndiko kulikomwepusha na magonjwa London yote. Tuseme ukweli, jamani: huyu ni mwanafunzi aliyeishiwa boom, akaugeuza ukata kuwa nidhamu.

Alirudi India mwaka 1891, na mwaka 1893 akasafiri kwenda Afrika Kusini kwa kazi ya uwakili. Meli ilipita kwetu: Lamu, Mombasa, kisha Zanzibar, ambako alikaa zaidi ya wiki akisubiri chombo kingine. Pale Lamu alishuka kutembea kidogo, mkondo wa maji ukawa mkali, na nusura meli imuache.

Afrika Kusini ndiko alikogeuka kuwa mwanasiasa. Ndiko pia majaribio ya afya yaliposhika kasi. Alikuwa anasumbuliwa na kufunga choo na kuumwa kichwa, na alizoea kumeza dawa za kuharisha. Akasoma vitabu vya Wajerumani Louis Kuhne na Adolf Just kuhusu tiba ya maji na udongo. Akaacha kifungua kinywa, kichwa kikapona. Akawa anafunga kitambaa chenye udongo uliolowa tumboni, akaona nafuu. Hapo moyo ukaanza kujaa.

Lakini tusimcheke haraka. Mwaka 1896, akiwa likizo Rajkot wakati tauni imeingia Bombay, alijitolea kukagua vyoo vya mji nyumba kwa nyumba. Aligundua kwamba vyoo vya matajiri vilinuka kuliko makazi ya watu waliotengwa kama najisi. Mwaka 1904 tauni ilipolipuka Johannesburg, mwenzake alivunja kufuli ya nyumba tupu, wakawalaza humo wafanyakazi 23 wa Kihindi waliougua. Kwa ruhusa ya daktari aliwafunga udongo wagonjwa watatu. Wawili walipona, wale wengine 20 walikufa. Namba hizo ni ndogo mno kuthibitisha lolote kuhusu udongo. Zinathibitisha kwamba alikuwa tayari kulala pamoja na tauni ili mwenzake asife peke yake.

Jambo gumu zaidi ni pale majaribio yalipovuka mwili wake. Mwaka 1902 mwanawe Manilal, mwenye miaka 10, alipata homa ya matumbo ikafuatiwa na nimonia. Daktari alisema apewe mayai na supu ya kuku. Gandhi alikataa, akamfunga mtoto shuka lililolowa, akampa maji ya machungwa, akatoka nje kutembea huku anasali kwa hofu. Mtoto alipona. Baba mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakuna awezaye kusema ni nini hasa kilichomponya. Kisha ikaja zamu ya mkewe, Kasturba. Baada ya kupasuliwa Durban alidhoofika sana, daktari akataka kumpa supu ya nyama ya ng'ombe. Yeye mwenyewe alikataa, wakaondoka naye kwenye mvua wakati hata kukaa hawezi. Alipona pia. Baadaye Gandhi alipomshauri aache chumvi na vyakula vya jamii ya kunde, Kasturba alimjibu kwamba hata yeye asingeweza. Papo hapo Gandhi akaviacha kwa mwaka mzima. Ndivyo alivyokuwa: hakumwagiza mtu asichokifanya mwenyewe.

Mwaka 1913 aliandika mfululizo wa makala za afya katika gazeti lake, Indian Opinion. Mengi ya humo, kama hewa safi, maji safi, kula kwa kiasi na kutembea, hakuna daktari atakayeyapinga leo. Ila alipinga pia chanjo ya ndui. Hapo alikosea, na historia imeshahukumu. Ndui ilitokomezwa duniani kwa chanjo, na Shirika la Afya Duniani likatangaza hivyo mwaka 1980.

Mwili ulianza kumsahihisha mwaka 1918. Alikuwa akizunguka vijijini Gujarat akiishi kwa siagi ya karanga na malimau, akashikwa na kuhara damu vibaya. Alikataa dawa na sindano mpaka akaamini anakufa. Madaktari walisema anahitaji maziwa, na yeye alikuwa ameapa kutokunywa maziwa kwa sababu ya mateso wanayopata ng'ombe na nyati wakikamuliwa. Kasturba ndiye aliyemwambia kwamba kiapo kile hakikumtaja mbuzi. Akanywa maziwa ya mbuzi, akapata nguvu, na akaendelea kuyanywa maisha yake yote huku akikiri kwamba amekwepa roho ya kiapo chake.

Januari 1924, akiwa mfungwa, kidole tumbo kiliwaka. Safari hii hakuleta udongo. Aliridhia kupasuliwa katika hospitali ya Sassoon huko Poona na daktari Mwingereza, Kanali Maddock. Katikati ya upasuaji umeme ukakatika, wakamalizia kwa taa ya mafuta. Alipona. Kile alichonyimwa baba yake, mwana alikipata.

Mwaka uliofuata alialikwa Calcutta kuweka jiwe la msingi la chuo cha Ayurveda. Waliomwalika walitarajia sifa. Aliwaambia, kwa lugha ya wazi, kwamba matabibu wengi wa Ayurveda wameacha kutafiti, wanaishi kwa utukufu wa vitabu vya mababu, na wanatangaza dawa za kujidai zinazotibu kila kitu. Aliwataka waige moyo wa uchunguzi wa madaktari wa Magharibi. Walikasirika sana. Lakini waliokuwa wakifanya biashara ya majani enzi zile na hawa wanaotufuata kwenye simu leo ni ndugu wa tumbo moja.

Alichoendelea kukisimamia ni kinga. Machi 1930, akiwa na miaka 60, alitembea kama kilomita 385 kwa siku 24 kutoka Sabarmati hadi Dandi kupinga kodi ya chumvi. Miguu ile ilianza mazoezi London. Miaka ya 1930 alihimiza vijiji kula mchele wa kutwanga kwa mkono badala ya ule wa mashine ulioondolewa ganda lote, na kula mboga za majani. Hakuwa anabahatisha, sayansi ilikuwa imeshaonyesha kwamba mchele mweupe mno unaleta ugonjwa wa beriberi, kwa kuwa vitamini imebaki kwenye pumba. Ni hadithi ileile ya sembe na dona kwetu.

Mwaka 1942 alifungwa tena, safari hii katika jumba la Aga Khan huko Poona, na humo akaandika kitabu kifupi cha afya. Humo gerezani pia Kasturba aliugua moyo na mapafu. Daktari wa kisasa alimhudumia, tabibu wa Ayurveda akaletwa, hali ikazidi. Mtoto wao mmoja alileta penisilini, dawa mpya kabisa wakati ule. Gandhi hakutaka mgonjwa mahututi achomwe sindano kila baada ya saa chache. Kasturba alifariki tarehe 22 Februari 1944. Huenda dawa ilikuwa imechelewa, kwani moyo ulikuwa umechoka sana. Lakini wiki chache baadaye Gandhi aliugua malaria, akakataa dawa mwanzoni, kisha akakubali kumeza kwinini, akapona. Wapo wanaomlaumu kwa hilo mpaka leo, na lawama hiyo si rahisi kuifuta.

Mwaka 1946 alianzisha kituo cha tiba asilia katika kijiji cha Uruli Kanchan, karibu na Poona, kwa ajili ya maskini: udongo, maji, jua na chakula bora. Tarehe 30 Januari 1948, akiwa na miaka 78, aliuawa kwa risasi Delhi akielekea kwenye sala. Hakufa kwa maradhi.

Sasa ndugu msomaji, usitoke hapa ukaenda kujifunga matope. Ukipanga maisha yake vizuri utaona kwamba alipokuwa na afya na akashika chakula, usingizi, usafi na kutembea, alishinda karibu kila mara. Alipokuwa mgonjwa na akaendelea kutumia jikoni kama hospitali, alibahatika au aliokolewa na wengine, na kuna siku hakuna aliyeokolewa. Uji wa asubuhi, mboga za majani, kulala mapema na kutoka bwenini mpaka darasani kwa miguu ni kazi yetu sisi, na hakuna daktari atakayetufanyia. Homa ikishika siku ya pili, twende zahanati tukapime. Kitanda cha yule mzee wa Rajkot kilizungukwa na kila aina ya marhamu, na kilichokosekana ni mtu mmoja tu wa kusema twende.