Rais Hayes na Mishahara Iliyozuiwa

Mwaka 2025 ofisi nyingi za Serikali ya Marekani zilifungwa kwa siku 43, kwa kuwa Bunge halikupitisha fedha za matumizi. Kila chama kilikitupia kingine lawama. Wako waliodhani kuwa ugonjwa huo ni mpya. Lakini ni wa zamani sana, na yafaa tuyatazame maisha ya mtu mmoja aliyepambana nao, tupate kujua lawama ya namna hiyo hupimwa kwa mizani gani.

Rutherford Hayes alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1822 katika jimbo la Ohio. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, akalelewa na mama yake kwa msaada wa mjomba wake. Alisoma sheria katika Chuo cha Harvard, kisha akawa wakili mjini Cincinnati, mahali ambapo mto tu uliitenga nchi ya watu huru na nchi ya utumwa. Huko aliwatetea watumwa waliotoroka. Vita vilipozuka mwaka 1861 alijiunga na jeshi la Kaskazini, akajeruhiwa mara kadhaa. Mwaka 1864 alichaguliwa kuwa mbunge akiwa bado vitani, baada ya kukataa kuiacha kambi ili aende kuomba kura. Baadaye akawa Gavana wa Ohio.

Mwaka 1876 chama cha Republican kilimsimamisha kugombea urais. Mpinzani wake, Samuel Tilden wa chama cha Democratic, alipata kura nyingi zaidi za wananchi, lakini matokeo ya majimbo matatu ya Kusini yakabishaniwa. Tume ya watu 15 ikaamua kwa kura 8 dhidi ya 7 kwamba Hayes ameshinda. Mwezi Aprili 1877 Rais huyo mpya aliwaondoa askari waliokuwa wakizilinda serikali za Republican katika South Carolina na Louisiana. Serikali hizo zikaanguka, na watu weusi waliotoka utumwani wakabaki mikononi mwa mabwana wao wa zamani.

Hata kabla ya hapo ugomvi wa fedha ulikuwa umekwisha kuanza. Baraza la Wawakilishi, lililokuwa mikononi mwa Democratic, lilikataa kutoa fedha za jeshi ila kwa sharti kwamba askari wasitumiwe kuzitegemeza serikali hizo za Kusini. Seneti, iliyokuwa ya Republican, ikalikataa sharti hilo. Basi tangu Julai hadi Novemba 1877 jeshi halikupata mshahara. Katika miezi hiyo hiyo askari walitumwa kutuliza ghasia za mgomo wa reli, na wengine wakapigana na Wahindi Wekundu wa kabila la Nez Perce. Mafahali wawili walipigana, na walioumia ni askari wasiokuwa na sauti katika ugomvi wenyewe.

Mwaka 1879 Democratic walikuwa na wingi katika mabaraza yote mawili. Walitaka kuzifuta sheria zilizoiruhusu Serikali Kuu kulinda amani vituoni na kusimamia uchaguzi wa wabunge, sheria zilizokuwa kinga ya mwisho ya kura za watu weusi. Walijua kwamba Rais angeukataa mswada wa namna hiyo. Kwa hiyo wakaufunga pamoja na miswada ya fedha: Rais atie sahihi yote, ama jeshi na ofisi za Serikali zikose fedha.

Haki inatudai tuziseme hoja zao pia. Walisema kwamba askari mbele ya sanduku la kura ni tishio kwa uhuru, na kwamba tangu zama za wafalme wa Uingereza wawakilishi wa watu wameushika mfuko wa fedha mpaka malalamiko yao yasikilizwe. Hayes alijibu kwamba njia hiyo yampokonya Rais haki aliyopewa na Katiba ya kuupima kila mswada. Akaikataa miswada hiyo mmoja baada ya mwingine, tangu Aprili hadi Juni. Wapinzani wake hawakuwa na theluthi mbili za kumshinda. Mwishowe walitoa fedha za jeshi na za ofisi, wakazuia malipo ya mamarshali wa Serikali Kuu peke yake. Mwaka 1880 walishindwa tena urais, wakapoteza na wingi wao katika Baraza la Wawakilishi.

Hapa ndipo mizani ilipo. Kuikataa sheria ni haki ya mbunge. Kumfanya mtumishi asiye na hatia kuwa rehani ya madai usiyoweza kuyapata kwa kura ya haki ni jambo jingine, na lawama yake humwangukia atiaye sharti hilo.

Lakini ushindi wa Hayes ulikuwa na kasoro. Aliihifadhi sheria kwenye karatasi baada ya kuiondoa nguvu ya kuitekeleza. Alipotoka madarakani mwaka 1881 alijitahidi kusaidia elimu ya watu weusi kwa kuongoza Mfuko wa Slater, uliompeleka kijana W.E.B. Du Bois kusoma Berlin mwaka 1892. Hayes alifariki tarehe 17 Januari 1893. Mwaka uliofuata Bunge lilizifuta sehemu kubwa ya sheria zile zile alizozipigania. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na ukuta ule ulisubiri hadi mwaka 1965 ndipo ukajengwa upya kwa nguvu, sheria mpya ya haki ya kupiga kura ilipopitishwa.