Robert Koch

Heinrich Hermann Robert Koch (11 Desemba 1843 – 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtaalamu wa bakteria kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kueleza maisha ya bakteria wa kimeta (1876), kugundua bakteria wa kifua kikuu (1882) na kuthibitisha bakteria wa kipindupindu (1883–1884). Mwaka wa 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa utafiti wake kuhusu kifua kikuu.

Sehemu ya kazi yake ilifanyika Afrika ya Mashariki. Utafiti wake ulihusu tauni na malale katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Kagera nchini Tanzania, pamoja na homa ya papasi na malaria katika sehemu nyingine za koloni la Kijerumani. Katika Visiwa vya Ssese, Uganda, baadhi ya wagonjwa waliotibiwa chini yake walipofuka kwa sababu ya dawa.

Maisha ya awali

Koch alizaliwa Clausthal, mji wa machimbo katika milima ya Harz. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya 13. Baba yake alifanya kazi katika utawala wa migodi. Alisoma tiba katika Chuo Kikuu cha Göttingen, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Jakob Henle, aliyefundisha kwamba magonjwa ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai vidogo. Alihitimu mwaka wa 1866. Mwaka uliofuata alimwoa Emmy Fraatz, wakapata binti mmoja, Gertrud.

Baada ya kuhudumu katika vita kati ya Ujerumani na Ufaransa (1870–1871), alikuwa mganga wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko Poland na kuitwa Wolsztyn. Hakuwa na maabara ya chuo wala msaidizi. Alifanya utafiti nyumbani, baada ya kuwahudumia wagonjwa wake.

Kimeta na uvumilivu wa bakteria

Wakati huo kimeta kiliua mifugo mingi wilayani kwake. Wakulima walijua kwamba malisho fulani yalikuwa hatari hata baada ya miaka mingi bila mifugo. Haikueleweka ugonjwa ulijificha wapi.

Koch aliotesha bakteria wa kimeta katika majimaji ya jicho la ng'ombe na kuwatazama kwa hadubini. Aliona kwamba hali inapokuwa mbaya kwao, bakteria hao hutengeneza spora, yaani umbo dogo lenye ganda gumu. Spora huvumilia ukavu, joto na njaa udongoni kwa miaka mingi. Zikiingia katika mwili wa mnyama hugeuka tena kuwa bakteria wanaozaliana. Mwaka wa 1876 alikwenda Breslau kumwonyesha profesa Ferdinand Cohn matokeo hayo, naye Cohn akayachapisha.

Mbinu za maabara

Mwaka wa 1880 Koch alihamia Berlin kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya Dola. Huko alibuni njia ya kuotesha aina moja ya bakteria peke yake juu ya chakula kigumu. Kwanza alitumia vipande vya viazi, halafu jelatini. Jelatini iliyeyuka kwenye joto, lakini Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, alipendekeza agari, aliyoitumia jikoni. Agari bado inatumika katika maabara duniani kote.

Pamoja na wenzake aliweka masharti yanayoitwa kanuni za Koch. Kwa ufupi, ili kusema kijidudu fulani kinasababisha ugonjwa, lazima kipatikane kwa wagonjwa, kioteshwe peke yake, kilete ugonjwa uleule kwa mnyama mzima, kisha kipatikane tena kwa mnyama huyo.

Kifua kikuu

Tarehe 24 Machi 1882 Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amegundua bakteria wa kifua kikuu. Tarehe hiyo sasa ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Bakteria huyo ana ganda lenye nta, na kwa sababu hiyo ni vigumu kumpaka rangi ya hadubini. Ganda hilo pia humsaidia kuvumilia mashambulizi ya mwili. Leo inajulikana kwamba anaweza kupunguza shughuli zake na kukaa kimya mwilini kwa miaka mingi, kisha kuamka kinga ya mwili inapopungua.

Mwaka wa 1890 Koch alitangaza dawa ambayo alidhani ingetibu kifua kikuu. Iliitwa tuberkulini, na mwanzoni hakueleza imetengenezwa na nini. Wagonjwa kwa maelfu walikimbilia Berlin. Baada ya miezi michache ilionekana kwamba dawa hiyo haiponyi. Wengi walipata homa kali baada ya sindano na baadhi walikufa. Mtaalamu wa patholojia Rudolf Virchow alichunguza maiti na kuonya kwamba tuberkulini inaweza kusambaza ugonjwa mwilini. Koch alipokubali kueleza, ilijulikana kwamba ilikuwa dondoo ya bakteria katika gliserini.

Mchango wa Koch kwa elimu ya mzio

Hata hivyo, tuberkulini ilifungua mlango mwingine. Koch alikuwa ameona kwamba simbilisi mwenye kifua kikuu akidungwa bakteria hao mara ya pili, ngozi yake huvimba na kufa haraka mahali pa sindano. Kwa mnyama ambaye hajawahi kuambukizwa haiwi hivyo. Mwili uliokwisha kukutana na bakteria ulikuwa umebadilika.

Mwaka wa 1906 daktari Clemens von Pirquet wa Vienna alibuni neno la kitaalamu la mzio, akimaanisha mabadiliko hayo ya namna mwili unavyoitikia. Mwaka wa 1907 alitumia tuberkulini kama kipimo cha ngozi, na muda mfupi baadaye Charles Mantoux wa Ufaransa aliboresha njia ya kudunga. Uvimbe unaotokea baada ya siku mbili au tatu ni mzio wa kuchelewa, unaoletwa na seli za kinga na si kingamwili. Hivyo dawa iliyoshindwa ikawa kipimo, na kipimo hicho hutumika mpaka leo.

Tauni ya Kiziba

Koch alifika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mwaka wa 1897, akitokea Uhindi alikochunguza tauni. Habari zilimfikia kwamba ugonjwa wa kuvimba tezi unaua watu Kiziba, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Kiziba leo iko katika wilaya ya Missenyi, mkoa wa Kagera. Wenyeji walikuwa na jina lao kwa ugonjwa huo, rubwunga. Daktari wa jeshi Zupitza alitumwa huko kuleta vielelezo, na Koch alithibitisha kwamba ilikuwa tauni. Aliona kwamba eneo hilo lilikuwa makao ya kudumu ya tauni, mbali na bandari zilizokuwa zikiogopwa.

Homa ya papasi

Mwaka wa 1905 Koch alirudi na kuchunguza homa inayopanda, kupoa, kisha kurudi tena. Alikuta kwamba inaletwa na papasi, kupe laini wanaojificha katika sakafu za udongo za nyumba na mahali pa kulala wasafiri. Alionyesha kwamba bakteria hupita kutoka kwa papasi jike kwenda katika mayai yake. Wakati uleule Joseph Dutton na John Todd walifikia matokeo kama hayo nchini Kongo; Dutton alikufa huko, na bakteria akapewa jina lake.

Koch aliona pia kwamba wenyeji waliozoea papasi tangu utotoni hawakuugua sana kama wageni. Sababu ya homa kurudi ilieleweka baadaye. Bakteria hubadilisha ganda lake kila mara kingamwili zinapolitambua, na mwili hulazimika kuanza upya.

Malale

Tangu mwanzo wa karne ya 20 malale iliua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Miaka ya 1906–1907 Koch aliongoza msafara wa Kijerumani na kufungua kambi Bugala katika Visiwa vya Ssese. Zaidi ya wagonjwa 1,000 walikuja kutibiwa. Alitumia atoksili, dawa yenye arseniki. Mwanzoni wengi walipata nafuu, na watu waliokuwa hawawezi kusimama walianza kutembea. Lakini vimelea vilirudi katika damu. Koch aliongeza kipimo cha dawa, na wagonjwa 22 wakapofuka kabisa. Kipimo kikubwa kiliachwa, ila matumizi ya atoksili yaliendelea.

Katika Kiziba wagonjwa walikuwa hasa watu waliokwenda Uganda kutafuta kazi na kurudi. Koch alishauri wagonjwa wakusanywe katika kambi na vichaka vya mbung'o vifyekwe. Baadaye kambi zilikuwepo Kigarama katika Kiziba, na Shirati upande wa mashariki wa ziwa. Wagonjwa wengi waliondoka kwa sababu ya maumivu ya dawa au kwa kuona haiwaponyi. Mwaka wa 1909 msaidizi wake wa zamani, Friedrich Karl Kleine, alionyesha kwamba vimelea hukua ndani ya mbung'o kabla ya kuambukiza.

Wazo la kuhamisha watu ili kuwatenga na mbung'o lilidumu kuliko utawala wa Kijerumani. Chini ya Waingereza, wakazi wa sehemu za Biharamulo walihamishiwa katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, na mashamba waliyoyaacha yakageuka pori. Mapori ya Biharamulo na Ngara yaliendelea kujulikana kwa mbung'o.

Kifo na urithi

Koch alikufa kwa ugonjwa wa moyo mjini Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamewekwa katika taasisi aliyoiongoza tangu 1891 mjini Berlin, ambayo leo inaitwa Taasisi ya Robert Koch.

Anahesabiwa pamoja na Louis Pasteur kama mwanzilishi wa elimu ya bakteria. Baadhi ya maoni yake yalikuwa na makosa, kama vile kusema mwaka wa 1901 kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa binadamu. Siku hizi wanahistoria huchunguza pia majaribio yake ya dawa kwa Waafrika chini ya ukoloni, ambao hawakuwa na nafasi ya kweli ya kukataa.