Arthur Eichengrün: Mkemia aliyedai haki yake juu ya aspirini

KWA miaka mingi vitabu vya historia ya tiba vimemtaja Felix Hoffmann wa Ujerumani kuwa ndiye aliyeipatia dunia aspirini. Hata hivyo, mwaka 1949 mkemia aliyewahi kufanya naye kazi, Arthur Eichengrün, alichapisha makala akieleza kuwa kazi ile ilifanyika kwa maelekezo yake. Alikuwa na umri wa miaka 82. Alifariki dunia Desemba 23 mwaka huohuo, bila dai lake kupewa uzito.

Eichengrün alizaliwa Agosti 13, 1867 katika mji wa Aachen, akiwa mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa wa Kiyahudi. Alisomea kemia na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Erlangen mwaka 1890. Mwaka 1896 aliajiriwa na kampuni ya Bayer mjini Elberfeld, ambako alitengeneza Protargol, dawa yenye madini ya fedha iliyotumika kutibu kisonono hadi zilipopatikana antibiotiki.

Katika zama hizo wagonjwa wa homa na baridi yabisi walikuwa wakipewa asidi ya salisiliki. Dawa hiyo ilipunguza maumivu, lakini ladha yake ilikuwa mbaya, ilichoma tumbo na kuleta kichefuchefu. Wakemia wakawa wanatafuta namna ya kuibadilisha ili nguvu yake ibaki na madhara yake yapungue. Mfaransa Charles Gerhardt alikwisha kuunda asidi ya asetilisalisiliki mwaka 1853, ila haikuwa safi. Agosti 1897, Hoffmann aliipata ikiwa safi katika maabara ya Bayer.

Ni hapo simulizi zinapoachana. Ile iliyoenea zaidi husema kuwa Hoffmann alisukumwa na huruma kwa baba yake, aliyeteswa na baridi yabisi na kushindwa kuvumilia dawa ya zamani. Simulizi hiyo ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1934, takriban miaka 37 baada ya tukio lenyewe, wakati utawala wa Adolf Hitler ulipokwisha kuanza kuwaondoa Wayahudi katika maisha ya taifa.

Kwa maelezo ya Eichengrün, yeye ndiye aliyepanga utafiti huo na Hoffmann alitekeleza alichoagizwa bila kufahamu shabaha yake. Heinrich Dreser, aliyekuwa na wajibu wa kupima dawa mpya, aliikataa kwa hofu kuwa ingedhoofisha moyo. Eichengrün akaimeza mwenyewe, na alipoona moyo wake haukudhurika, akapanga ipelekwe kwa siri kwa madaktari mjini Berlin. Majibu yaliyorudi yalikuwa mazuri kupita matarajio. Wagonjwa hawakulalamikia tumbo, na hata maumivu ya meno yalitulia.

Mwaka 1899 dawa hiyo iliingia sokoni kwa jina la Aspirin. Dreser alipoandika makala ya kuitambulisha, hakumtaja Hoffmann wala Eichengrün. Hataza ya Marekani ya mwaka 1900 ilitolewa kwa jina la Hoffmann.

Eichengrün aliondoka Bayer mwaka 1908 na kuanzisha kiwanda chake, Cellon-Werke, mjini Berlin. Huko alijipatia sifa kwa plastiki zitokanazo na selulosi ambazo, tofauti na zile za awali, hazikushika moto kwa urahisi.

Mafanikio hayo hayakumwokoa. Mwaka 1938 alilazimika kuiachia kampuni yake. Mwaka 1943 alifungwa miezi minne kwa sababu aliandika barua kwa ofisa wa serikali bila kuongeza jina Israel, ambalo sheria ya Wanazi iliwalazimisha wanaume wa Kiyahudi kulitumia. Mwaka uliofuata alikamatwa tena na kupelekwa katika kambi ya mateso ya Theresienstadt. Alikaa humo miezi 14, hadi kambi ilipokombolewa na majeshi ya Kisovyeti mwaka 1945.

Namna aspirini inavyofanya kazi haikujulikana katika uhai wake. Ni mwaka 1971 ambapo John Vane wa Uingereza alionyesha kuwa dawa hiyo huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, homa na uvimbe. Ugunduzi huo ulimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Kemikali hizohizo ndizo pia hulinda utando wa tumbo, na ndiyo maana aspirini huweza kusababisha vidonda na kutoka damu. Tatizo ambalo wakemia wa Elberfeld walidhani wamelimaliza lilikuwa limejificha ndani ya nguvu yenyewe ya dawa.

Aspirini pia hupunguza kuganda kwa damu. Kwa sababu hiyo madaktari huwapa kwa dozi ndogo watu wengi waliowahi kupata shambulio la moyo. Dawa iliyokaribia kutupwa kwa hofu ya kuudhuru moyo imekuwa miongoni mwa kinga zake.

Mwaka 2000, Walter Sneader wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Scotland, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa kumbukumbu za kale na kuhitimisha kuwa maelezo ya Eichengrün yanaaminika. Bayer ilipinga, ikisema kuwa Eichengrün hakuwa mkubwa wa kazi wa Hoffmann. Ubishi huo haujaisha, lakini tangu wakati huo ni vigumu kuisimulia historia ya aspirini bila kulitaja jina la mkemia huyo wa Aachen.