MAISHA YA DAKTARI IAN DONALD

Ian Donald alizaliwa mwaka 1910 huko Cornwall, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari. Wazazi wake walihamia Afrika ya Kusini, naye akasoma huko Cape Town. Mwaka 1927, akiwa kijana wa umri wetu sisi wa kidato cha nne, alifiwa na wazazi wote wawili. Hata hivyo hakuacha masomo. Alirejea Uingereza, akahitimu udaktari London mwaka 1937.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari katika jeshi la anga. Alipewa nishani kwa kuingia katika ndege iliyoanguka ikiwaka moto, ili awatoe waliokuwamo. Huko jeshini alijifunza habari za vyombo vinavyotuma mawimbi na kupokea mwangwi wake.

Mwaka 1954 alikuwa profesa wa ukunga huko Glasgow, Uskoti. Katika kiwanda kimoja cha jirani palikuwa na mashine ya kutafuta nyufa ndani ya chuma kwa mwangwi wa sauti isiyosikika kwa sikio. Basi Julai 1955 Donald alipeleka huko uvimbe uliotolewa katika miili ya wagonjwa. Wenye kiwanda wakampa na kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Mwangwi ukatofautiana!

Wenzake wengi walimtilia shaka. Lakini alikuwapo mama mmoja aliyedhaniwa kuwa na saratani isiyotibika. Mashine ilionyesha kwamba ni uvimbe wa maji tu, akapasuliwa, akapona. Mwaka 1958 Donald, pamoja na Daktari John MacVicar na fundi kijana Tom Brown, walitangaza kazi yao. Baadaye akaanza kupima kichwa cha mtoto aliye tumboni.

Hapo ndipo ulipofunguka mlango mkubwa. Mwaka 1972 Stuart Campbell, aliyepata kufanya kazi Glasgow chini ya Donald, alieleza jinsi mashine ilivyomwonyesha mtoto ambaye ubongo wake haukuumbika. Siku hizi huonekana hata maradhi ya nadra, kama yale ambayo ubongo hubaki laini bila mikunjo yake. Picha huonyesha umbo. Chanzo hutafutwa katika chembe za urithi, kwa kuchota kwa sindano maji yanayomzunguka mtoto, na mashine hiyo hiyo huiongoza sindano.

Donald alikuwa Mkristo, na alipinga waziwazi sheria ya mwaka 1967 iliyoruhusu kutoa mimba nchini Uingereza. Alitaka mashine yake ilinde uhai, lakini aliona kwamba habari inayoletwa na mashine huwaachia wazazi uamuzi mzito. Jambo hilo mashine haiwezi kuwaamulia.

Moyo wake ulikuwa mgonjwa, akapasuliwa zaidi ya mara moja, na bado akaendelea na kazi. Alifariki Juni 1987.

Wanafunzi wenzangu, tusidharau somo lolote. Fizikia ya kiwandani ndiyo iliyompa daktari macho ya kumwona mtoto asiyezaliwa.